Mshale wa Joto Ulionidanganya

Nimekuwa kimya kwa muda, na sababu ya ukimya huo imeegeshwa nje ya dirisha langu: BMW 325i ya mwaka 2004, umbo la E46, rangi ya fedha. Leo nilitaka tupumzike kidogo na mambo ya programu, lakini mtaona kwamba yalinifuata hadi barabarani.

Nilikuwa na shilingi 800,000. Nusu yake ilikuwa mkopo wa sacco, na wenzangu wawili kazini ndio walionidhamini. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa hivyo E46 unayoweza kununua leo ni ile iliyokwisha kuwa humu nchini. Niliiacha 318i kwa sababu nilitaka injini ya silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja. Injini ya 325i hii, iitwayo M54, ina lita 2.5 na nguvu za farasi 192. Ya 330i inafika 231, lakini mfuko wangu haukufika huko.

Nililipa 620,000. Mtu mwenye akili angeanza na mfumo wa kupoza injini. Tangi la maji la E46 ni la plastiki, na plastiki ikizeeka hupasuka. Wenye magari haya hubadilisha tangi, pampu ya maji na themostati kwa pamoja, kila kilomita 100,000 hivi, bila kungoja ziharibike. Hayo yote nilikuwa nimeyasoma. Mimi, ndugu msomaji, nilinunua rimu za inchi 18 na springi fupi. Nilijiambia: mshale wa joto uko katikati, gari liko sawa.

Mwezi wa tatu nilienda Nakuru kumchukua mama, aliyekuwa na miadi ya daktari Nairobi alasiri hiyo. Tulipokuwa tukipanda kutoka Mai Mahiu, nyuma ya malori, mshale ulikuwa palepale katikati. Ghafla ukaruka hadi kwenye nyekundu, na mvuke ukafuka kutoka chini ya boneti. Tulikaa kando ya barabara kwa muda wa saa nne, malori yakipita karibu na mlango wa mama. Hakunigombeza. Alijifunga leso vizuri, akaniuliza tu: "Mwanangu, hata sufuria hutikisa kifuniko kabla ya kufurika. Hili gari lako halikukwambia kitu?"

Miadi ilitupita, na tulipewa nyingine baada ya wiki tatu. Fundi alikuta tangi limepasuka na kichwa cha injini, ambacho ni cha alumini, kimepinda kwa joto. Gharama ilikuwa 140,000. Rimu niliziuza.

Lakini swali la mama lilinikaa kichwani, nikaanza kuchunguza. Kumbe mshale ule hauonyeshi joto halisi. Programu iliyo ndani ya dashibodi imeandikwa iuweke katikati kuanzia nyuzi 75 hivi hadi zaidi ya 110, ili dereva asihangaishwe na mabadiliko madogo. Ukija kusogea, umeshachelewa.

Nilicheka, kisha nikanyamaza. Kazini nilikuwa nimeandika ukurasa wa kuonyesha hali ya seva zetu, na nilikuwa nimeufanya upuuze hitilafu ndogondogo ili mkubwa wangu aone kijani. Nilifanya yaleyale.

Habari njema ni kwamba namba halisi imo ndani ya gari na haina malipo. Shikilia kile kitufe cha kurudisha kilomita za safari kwenye sifuri huku ukigeuza ufunguo hatua ya kwanza, na menyu iliyofichwa itatokea. Imefungwa, ila namba ya kuifungua ni jumla ya tarakimu 5 za mwisho za nambari ya chesisi. Jaribio la 7 ndilo joto la maji. Langu sasa hucheza kati ya 90 na 100, nami hulitazama kila mlima.

Baadaye nilinunua kebo ya kuunganisha gari na tarakilishi. Programu ya NCS Expert hutoa mipangilio ya gari kama faili la maandishi matupu: unabadilisha "nicht_aktiv" kuwa "aktiv", unairudisha garini, basi. Ni raha kubwa, lakini niligusa hayo baada ya tangi, pampu na themostati kuwa mpya.

Ukinunua gari kama hili, pesa ya kwanza iende kwenye maji, na kazi ya kwanza iwe kuitafuta ile namba. Ule ukurasa wa seva nimeuandika upya. Siku hizi una manjano mengi, na mkubwa wangu halali vizuri. Mama naye, kabla ya kupanda gari, huniuliza: "Leo linasema ngapi?"

Tuonane wakati mwingine.