Safari ya Mbingu, Kijiji cha Kokoa

Msomaji mpenzi asishtuke kwa anwani hii. Mbingu tuikusudiayo si ile iliyo juu yetu, bali ni kijiji cha bonde la Kilombero, mkoa wa Morogoro, chini ya milima ya Udzungwa. Msafiri atokaye Dodoma hushuka Morogoro, akafika Mikumi, akaiacha njia kuu na kuelekea kusini mpaka Ifakara, kisha akageuka magharibi. Ametoka katika nchi ya mibuyu na miiba, ambayo mvua yake kwa kawaida haifiki milimita 700 kwa mwaka, ameingia katika nchi ya mpunga na migomba. Huko ndiko kokoa istawiko, kwani mti huo hupenda kivuli na maji mengi. Kwetu Ugogo ungekauka.

Watoto wetu waijua chokoleti kwa karatasi yake imetayo, lakini ni wachache waujuao mti wake. Tunda lake huota juu ya shina lenyewe. Ukilipasua wakuta mbegu 30 hadi 40 zilizofunikwa na utelezi mweupe, mtamu. Lakini mbegu zenyewe ni chungu, wala hazina ladha ya chokoleti. Sharti zitiwe katika masanduku ya mbao, zichachuke siku takriban sita huku zikigeuzwa, kisha zianikwe juani. Mwenye kuiharakisha kazi hiyo ameiharibu kokoa yake.

Zamani kila mkulima aliifanya kazi hiyo peke yake nyumbani, na mara nyingi bei ya aliyejitahidi haikutofautiana na ya aliyezembea. Mwaka 2013 kampuni ya Kokoa Kamili ilianza njia nyingine kijijini hapo: ilinunua mbegu mbichi kutoka kwa wakulima wadogo kwa bei iliyozidi ya soko, na kazi ya kuchachua na kuanika ikaichukua yenyewe. Mkulima hakungoja tena siku zote hizo ndipo apate chake. Ubora nao ukawa mmoja, hata Dandelion Chocolate ya San Francisco, Marekani, ikaifanya chokoleti kwa kokoa hiyo na sukari tu, na juu ya karatasi ikaandika Kokoa Kamili, Tanzania.

Basi sisi wa Dodoma twapata funzo gani? Nasi tuna tunda letu, zabibu, livunwalo mara mbili kwa mwaka huko Hombolo, Mpunguzi na kwingineko. Zabibu huoza upesi. Mnunuzi akikawia, mkulima hulazimika kukubali bei yoyote. Tena wanunuzi wakubwa ni wenye viwanda vya mvinyo, na wanazuoni wengi wamekataza kumwuzia zabibu mtu ajulikanaye kuwa ataifanya ulevi. Mkulima Mwislamu amesimama baina ya hasara na haramu. Kumwambia aache, bila ya kumwonyesha mlango mwingine, ni kumwongezea mzigo.

Mlango upo. Zabibu ikianikwa hukaa miezi, na wapo Dodoma wanaoianika. Nyumba zetu hununua zabibu kavu kwa pilau na kwa vyakula vya sikukuu, na nyingi hutoka ng'ambo. Majirani kumi wakishirikiana kwa vichanja safi na mizani moja ya haki, watakuwa wamelifanya lile lililofanyika Mbingu: tunda kutengenezwa karibu na shamba lake, na mwenye jasho kupata haki yake mapema. Vijana wetu watafutao kazi mjini nawaitazame hii.