Nguvumali: Vyumba Vilivyongoja Wageni

Hapa Nguvumali, jijini Tanga, zipo familia ambazo chumba kimoja cha ziada ndiyo riziki yao. Hukipangisha kwa siku chache: leo mgeni wa harusi, kesho mfanyabiashara, keshokutwa mtalii aendaye mapango ya Amboni au Pangani.

Machi 16, 2020 alitangazwa mgonjwa wa kwanza wa korona nchini. Aprili ndege za abiria kutoka nje zikasitishwa. Zilipofunguliwa Mei 18, wageni hawakurudi kwa mkupuo. Shuka zimefuliwa, mgeni hajulikani. Arbuni imekwisha kutumika jikoni, naye aliyeitoa yuaomba arejeshewe.

Mafakihi wamekhitalifiana: wengi hawakuijuzisha arbuni isiyorudishwa, Mahanbali wameijuzisha. Palipoafikiwa kuirejesha, hiyo ni deni. Suratul Baqara, aya ya 280, yaelekeza mdaiwa mwenye dhiki apewe muhula. Ya 282 yaelekeza deni liandikwe. Basi mgeni na asubiri, mwenyeji naye asikane, na baina yao pawe na maandishi. Chumba kitupu hupata mgeni mwingine. Uaminifu ukiondoka, haurudi upesi.