Tasa za Barabarani

Kibaha, Jumatano 6 Agosti 2025

Foleni ya Kibamba haikusogea, nikaanza kupima namba za magari. Tarakimu tatu tu, hazizidi 999, kwa hiyo mwenye kutafuta tasa akigawanya kwa tasa hadi 31 amemaliza: inayofuata ni 37, na 37 mara 37 ni 1,369. Lori la mchanga mbele yetu, 667. Ukiitazama utaapa ni tasa. 2, 3 na 5 zinakataa hapohapo. 7, 11, 13, 17, 19, zote zinaacha baki. 23 ikaingia: 23 mara 29. Ndizo zinazowaponza wanafunzi hizi, maana wengi wakishafika 13 wamechoka.

Kisarawe, Ijumaa 8 Agosti

Nane Nane, nipo kwa dada. Mpwa wangu ana mtihani wa darasa la saba mwezi ujao, kigawe kidogo cha shirika (KDS) na kigawo kikubwa cha shirika (KKS) vinamsumbua. Kanuni ya kupima kugawanyika kwa 7 anaijua: tarakimu ya mwisho zidisha kwa 2, toa kwenye zilizobaki. 623: 62 toa 6, 56, inagawanyika.

“Kwa nini 2, mjomba?”

Nikamwandikia nyuma ya kalenda: 21 mara 3 ni 63. 623 toa 63, 560. Tumetoa kigawe cha 7, hatujaharibu kitu. Ile sifuri ifute, 10 haina undugu na 7. Imebaki 56.

Akaikodolea macho karatasi. “Mbona 21 ni ya 3 pia?”

Tukajaribu 471: 47 toa 2, 45. Kweli, 3 nayo inanaswa! Kwa 3 kujumlisha tarakimu ni rahisi zaidi, lakini swali lile limenifurahisha kuliko pilau.

Kibaha, Jumapili 10 Agosti

Chika Ofili, mtoto wa Kinigeria aliyekuwa akisoma London, alisifiwa mwaka 2019 kwa njia yake ya 7: zidisha ya mwisho kwa 5, jumlisha. Kwa 623 ileile: 62 na 15, 77. Kinachofanya kazi pale ni 49, yaani 50 kasoro 1. Basi kila tasa itafutie kigawe kinachoishia 1 au 9. 13 ina 39: mara 4, jumlisha. 17 ina 51: mara 5, toa. Kukariri orodha nzima ni kujitesa bure, na kwa tarakimu tatu mimi nagawanya tu.

Mpwa wangu nilimwachia swali: kwa nini 2 na 5 hazimo? Jioni kapiga kwa simu ya mama yake: “Vigawe vya 5 vinaishia 0 au 5, mjomba. Hiyo 1 itoke wapi?”