Uliza Kwanza, Fungua Baadaye

Mwenye gari kuukuu ni kama mwenye mgonjwa nyumbani: kila siku huamka na lake. Langu, mwaka 2019, lilikuwa na ugonjwa mmoja tu. Barabarani lilikwenda vizuri, lakini kila nilipopunguza mwendo, injini ilizima.

Asubuhi moja nilikuwa nikimpeleka mke wangu Petite Barrière, hapa Gisenyi, avuke kwenda Goma na vikapu vyake vya nyanya. Wapajuao mahali hapo wanafahamu kuwa ni mpaka wa waendao kwa miguu. Wakati ule makumi ya maelfu ya watu walivuka kwa siku moja. Tena foleni zilikuwa ndefu, kwani Ebola ilikuwa imefika Goma mwezi Julai, na kila mtu alinawa mikono na kupimwa joto. Mbele yangu alikuwa ndugu mmoja mwenye ulemavu, akiendesha kwa mikono baiskeli ya magurudumu matatu iliyosheheni magunia. Nilikanyaga breki. Injini ikazima, usukani ukawa mzito, na kanyagio la breki likawa gumu kama jiwe. Nilikanyaga kwa nguvu zangu zote. Gari liliposimama, kati yake na baiskeli ile palibaki nafasi ya hatua moja.

Yule ndugu hakugeuka hata kutazama. Mke wangu alishuka, akajitwisha kikapu, akasema, "Baba watoto, jioni nitarudi kwa miguu."

Maneno hayo yaliniuma, maana nilikwisha kutumia fedha mara tatu. Kwanza nilibadilisha plagi, kisha kichujio cha petroli, halafu pampu ya petroli, na fedha ya pampu ilitoka katika akiba ya karo ya binti yetu. Kila fundi alifungua boneti kabla ya kuniuliza neno lolote.

Jioni ile nilimwendea jirani yangu, mzee aliyekuwa dereva wa jeshi kwa miaka mingi. Hakugusa boneti. Aliniuliza, "Mwanangu, injini huzima unapoachia mafuta, au unapokanyaga breki?"

Sikuwa na jibu. Mimi niliyesomea ualimu, niliyefundishwa kwamba mtoto akikosa hesabu sharti umwulize amepotea katika hatua ipi, sikuwa nimejiuliza swali hilo kwa miezi miwili.

Tulipeleka gari mahali tambarare pasipo na watu, tukaweka mawe kwenye magurudumu na kuvuta breki ya mkono. Injini ikiwaka na gia ikiwa huru, nilikanyaga mafuta kisha nikaachia. Injini ilirudi katika mzunguko wake mdogo, ambao mafundi wa hapa huuita ralanti, wala haikuzima. Ndipo mzee aliposema, "Sasa kanyaga breki." Miguuni mwangu ilisikika sauti ya hewa ikivutwa, injini ikatetemeka, ikazima. Akaubana mpira unaotoka kwenye injini kwenda kwenye chombo cha mviringo kinachosaidia breki. Nilipokanyaga tena, kanyagio lilikuwa gumu, lakini injini iliendelea kuwaka. Ugonjwa ukawa umejulikana.

Mzee alinieleza. Chombo kile hufanya kazi kwa mvuto wa hewa wa injini. Utando wake wa ndani ukipasuka, kila ukanyagapo breki hewa ya ziada huingia kwenye injini, petroli huwa haitoshi kwa hewa hiyo, na moto hufa. Kwa hiyo injini na breki zilikuwa zikiugua pamoja, nami nilidhani ni usumbufu tu wa kuwasha upya! Chombo kilibadilishwa, na injini haikuzima tena.

Kama gari lako huzima kwa kuachia mafuta tu, hata bila kugusa breki, chunguza kwingine: masizi kwenye kilango cha hewa, kifaa kinachorekebisha ralanti, mipira ya hewa iliyopasuka, au, kwa gari lenye kabureta, tundu dogo la mafuta lililoziba. Lakini usinunue kitu kabla hujajua linazima wakati gani: likiwa baridi au moto, kwa breki au bila breki.

Tena fanya jaribio hili nyumbani. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara tano, kisha acha mguu juu ya kanyagio na uwashe injini. Kanyagio likizama kidogo, msaada wa breki unafanya kazi. Lisipozama, usitoke; mwite fundi.

Mke wangu alikubali kupanda tena wiki ile ile, lakini kwa sharti moja: jaribio hilo alilifanya mwenyewe, kwa mguu wake, kabla hatujapakia nyanya.