North Canton: Mji Ulioishi kwa Vumbi

Iko miji ijulikanayo kwa dhahabu yake, na mingine kwa bandari. North Canton, mji mdogo wa jimbo la Ohio nchini Marekani, ulipata sifa zake kutokana na vumbi. Kwa karibu miaka mia moja wakazi wake wengi walipata riziki kwa kuunda vifyonza-vumbi, yaani mashine za umeme zinazovuta uchafu kutoka katika mazulia.

Ukitaka kuufahamu mji huu, anzia Canton, mji jirani ulio kusini yake. Mwaka 1907 alikuwako humo mfagizi wa duka kubwa, jina lake James Murray Spangler, aliyekaribia umri wa miaka 60. Alikuwa na pumu, na kila alipofagia mazulia vumbi lilimkaba kifua. Kazi hakuweza kuiacha; basi akaubadili ufagio. Alichukua feni ya umeme, foronya na mpini wa ufagio, akaunda mashine ya kuvuta vumbi na kulitia mfukoni. Tena, mbele yake aliweka brashi inayozunguka, ili ilitikise vumbi lililojificha ndani ya nyuzi. Juni 2, 1908, alipewa hati ya kulinda uvumbuzi wake.

Lakini mtaji hakuwa nao. Katika kijiji cha New Berlin, ambacho mwaka 1918 kilibadilishwa jina kikawa North Canton, William Henry Hoover alikuwa na kiwanda cha matandiko ya farasi. Motokaa zilikuwa zimeanza kuenea, naye aliona kwamba biashara ya matandiko ingekufa. Mkewe, Susan, aliijaribu mashine ya Spangler akaipenda. Hoover alinunua haki za kuitengeneza, na ngozi ikampisha kifyonza-vumbi.

Mashine ya Ohio ilisimama wima na ilikuwa nzito. Mwaka 1921 kampuni ya Electrolux ya Sweden ilileta umbo jingine: mtungi uliolala sakafuni juu ya vyuma viwili mfano wa sleji, ukaburutwa kwa mpira mrefu. Huo uliweza kusafisha ngazi, mapazia na uvungu wa kitanda. Hata North Canton ililifuata umbo la mtungi. Katika miaka ya 1950 ilitoa Constellation, mashine ya mviringo kama tufe, ambayo baadaye iliundwa ielee juu ya hewa iliyoitoa yenyewe.

Hata hivyo mtungi ulikuwa na upungufu. Ulivuta tu, wala haukutikisa. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Wamarekani wengi walitandika mazulia mazito toka ukuta hadi ukuta, na mchanga ukakaa humo kama uliozikwa. Ndipo watengenezaji walipotia mota ndogo ndani ya mdomo wenyewe wa mashine. Umeme ulipita katika waya uliofuata mpira, mota ikavuta mkanda, mkanda ukazungusha brashi. Mashine za namna hiyo zilienea Marekani katika miaka ya 1960 na 1970. Kidole kimoja hakivunji chawa: mtungi ulitoka Stockholm, na brashi ilikuwa ileile ya mfagizi wa Canton.

Spangler alifariki mwaka 1915. Nyumba alimokulia Hoover ilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1978. Mwaka 2007 kampuni iliuzwa kwa wenye mali wa Hong Kong, na mwaka huohuo kazi ya kuunda mashine ikakoma North Canton. Wafanyakazi waliorithi kazi hiyo kwa baba na babu zao wakatafuta riziki kwingine.

Huko Uingereza watu bado hulitumia jina la Hoover kama kitenzi cha kusafisha zulia. Jina la mwenye kiwanda limeingia katika lugha. La mfagizi halikuingia. Lakini kila brashi inayozunguka ndani ya mdomo wa mashine hizo, ndugu msomaji, ilianzia katika kifua cha mtu aliyekosa pumzi kazini.