Vipuri vya Ndege Isiyoruka

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Wahenga walionena hayo walikuwa watu wa majahazi, na hapana shaka waliifikiria mikono iliyopasua mbao, ikapiga misumari na kutia kalafati, kabla ya chombo kuonekana kikikata mawimbi. Laiti wangalifika katika nyumba moja ya mashariki mwa Nairobi, wangalimkuta mzee wa miaka sabini na kitu akiunda chombo kisichoelea wala kuruka. Juu ya meza ya kulia chakula, chini ya taa iliyoinamishwa, kuna ndege ya plastiki iliyo vipande vipande. Mzee amevaa miwani miwili, mmoja juu ya mwingine. Kando yake ameketi mjukuu wake wa kidato cha pili, mwenye macho makali na mkono usiotetemeka. Yeye ndiye anayeshika kibano.

Ndege hiyo ni Super VC10, katika skeli ya 1:144. Maana yake ni kwamba kila kipimo cha ndege halisi kimegawanywa kwa 144. Ndege iliyokuwa na urefu wa mita 52 hivi imekuwa ya sentimita 36; mabawa yaliyotanda mita 44 na nusu sasa yanatanda sentimita 31. Mtu wa kimo cha kawaida, lau angesimama kando yake, angekuwa na milimita 12 tu. Seti hiyo ilitumwa na mwana wa mzee anayefanya kazi Uingereza. Pamoja na sanduku la seti zilikuja bahasha tatu nyembamba, na katika bahasha hizo ndimo mlimokuwa na mambo.

Msomaji asiyeijua sanaa hii huenda akadhani kwamba sanduku la modeli hutosha. Sivyo. Kiwanda cha seti hutengeneza vipande vyake kwa kalibu za chuma cha pua zenye gharama kubwa, na plastiki ina mipaka yake. Kipande cha plastiki chenye unene wa milimita moja, kikikuzwa mara 144, ni ukuta wa zaidi ya sentimita 14. Hakuna mlango wa ndege ulio mnene hivyo. Ndiyo maana pamezuka viwanda vingine, aghalabu vidogo, ambavyo havitengenezi seti nzima bali vipuri vya kurekebisha seti za wengine. Kampuni ya Eduard ya Ucheki, iliyoanzishwa mwaka 1989, ilijijengea jina kwa kazi hiyo kabla ya kujulikana pia kwa seti zake yenyewe.

Vipuri hivyo ni vya aina nyingi. Vipo vya bamba jembamba la shaba. Bamba hupakwa dawa inayoathiriwa na mwanga, likamulikwa kupitia filamu yenye mchoro, kisha likatiwa katika kemikali inayokula kila mahali pasipolindwa. Kinachobaki ni mikanda ya viti, ngazi, antena na vifuniko vya magurudumu, vyote vyembamba kama karatasi. Vipo pia vya rezini. Fundi huchonga kipande cha kwanza kwa mkono, akakizungushia mpira wa silikoni ili apate kalibu, kisha akamimina rezini ndani yake. Siku hizi vipo hata vinavyochapishwa kwa mashine zinazoongozwa na tarakilishi, tabaka juu ya tabaka. Fauka ya hayo kuna vibandiko vya kulowekwa majini, ambavyo hubeba herufi, mistari na nembo.

Kila aina ina masharti yake. Gundi ya kawaida ya modeli huyeyusha plastiki na kuiunganisha kama chuma kilichochomelewa, lakini haishiki shaba wala rezini. Hapo hutakiwa gundi kali ya papo hapo, ambayo haimpi mtu nafasi ya kujuta. Vumbi la rezini hudhuru mapafu, hivyo mzee huvaa barakoa na kupiga msasa kwa maji. Isitoshe, ndege yenye injini zote nne mkiani, kama VC10, hukalia mkia wake ikiwa modeli. Kabla ya kuunganisha kiwiliwili, mzee alijaza pua kwa vipande vya risasi vya wavuvi. Mjukuu alipouliza kama uzito huo nao ni kipuri, babu yake alicheka, akasema kwamba hicho ndicho kipuri cha kwanza, maana ndege isiyoweza kusimama haina haja ya kupambwa.

Mzee hakuichagua ndege hii kwa uzuri wake pekee. VC10 ilibuniwa ikizingatia viwanja vya Afrika, vyenye joto na vilivyo juu sana kutoka usawa wa bahari. Embakasi iko zaidi ya mita 1,600 juu, na hewa ya huko ni nyepesi. Ndege nyingi za jeti za wakati ule zililazimika kupunguza mzigo ili ziweze kupaa. VC10 zilizoundwa kwa jumla ni 54 tu. Tano kati ya Super VC10 zilinunuliwa na East African Airways, shirika lililomilikiwa kwa pamoja na nchi za Afrika Mashariki. Nambari zao za usajili zilionyesha ushirika huo: 5Y-ADA ya Kenya, 5H-MMT na 5H-MOG za Tanzania, 5X-UVA na 5X-UVJ za Uganda. Mzee aliajiriwa Embakasi mwishoni mwa miaka ya 1960, akiwa kijana wa karakana ya rangi. Kazi yake ilikuwa msasa, brashi na ngazi.

Ndiyo sababu kosa la kwanza la seti hakulihitaji kulisoma popote. Alipoviinua vipande viwili vya kiwiliwili aliona mara moja kwamba mlango haupo. Super VC10 za Afrika Mashariki zilikuwa na mlango mkubwa wa mizigo upande wa kushoto, karibu na pua, ambao zile za shirika la Uingereza la BOAC hazikuwa nao. Plastiki ilikuwa laini mahali hapo. Katika bahasha zote tatu hapakuwa na kipuri cha kuondoa upungufu huo. Mzee alikata kiolezo kutoka kwenye mkebe wa soda, akakibandika ubavuni mwa ndege, na mjukuu akapitisha ncha ya sindano kando yake, mara kumi, mara ishirini, hadi mfuo ukatokea.

Hapa pana jambo ambalo mwanafunzi wa fasihi hana budi kulitia maanani. Mfuo ule ulikuwa na upana wa takriban milimita 0.2. Ukikuzwa mara 144, unakuwa ufa wa karibu sentimita tatu. Ndege yenye ufa kama huo mlangoni isingeruhusiwa kuondoka ardhini. Hata hivyo, mfuo uliopimwa kwa usahihi kamili usingeonekana kabisa, na mtazamaji angesema kwamba mlango haupo. Mjenzi wa modeli hutia chumvi ili aaminike. Mtunzi wa riwaya ya kihalisia naye hufanya vivyo hivyo: mazungumzo ya wahusika wake yamepunguzwa na kunolewa, wala hayafanani na maneno yanayonaswa sokoni, lakini msomaji huyasikia kuwa ya kweli. Uhalisia ni makubaliano baina ya fundi na jicho.

Aidha, sanaa hii ina maradhi yake. Huanza kwa mtu kununua viti vya rezini, akaona kwamba sasa mlango unatia aibu. Akanunua mlango, akaona kwamba injini nazo ni butu. Hatimaye vipuri huzidi bei ya seti yenyewe mara mbili au tatu, na modeli haimaliziki. Wajenzi wengi wana makabati yaliyojaa ndege zilizoanzwa. Mzee naye aliambukizwa. Alitumia siku nne kukunja na kupaka rangi chumba cha rubani cha shaba, na alipofunga kiwiliwili, madirisha ya mbele yalionyesha kivuli tu. Mkewe alipopita na sahani za chajio alimwuliza iwapo meza hiyo itarudi kuwa meza. Mzee alimwahidi kwamba vipuri vilivyobaki ni vichache.

Kilichobaki kilikuwa magurudumu. Super VC10 ilikuwa na magurudumu kumi: manne chini ya kila bawa na mawili puani. Yale ya rezini yalikuwa mazuri, kila moja likikaribia ukubwa wa punje ya mahindi. Lakini mzee hakuridhika. Alitaka mabomba ya breki. Alifungua feni mbovu iliyokuwa stoo, akatoa waya wa shaba mwembamba kuliko unywele wa farasi, akaukata vipande vya milimita chache, na kumtaka mjukuu avibandike kimoja kimoja nyuma ya kila mguu. Kazi hiyo ilichukua jioni tatu. Jioni ya tatu msichana aliweka kibano mezani.

"Babu, nani atayaona haya? Ndege ikisimama kabatini, breki zitakuwa chini ya bawa."

"Hata siku ile hakuna aliyeziona, mjukuu wangu."

Mjukuu hakujua ni siku ipi iliyotajwa, na mzee hakumweleza hadi walipofikia vibandiko. Karatasi ya vibandiko ilikuwa na maandishi ya shirika, mistari ya ubavuni, na nambari za ndege zote tano, ili mjenzi achague. Msichana alikwisha kuchagua. Aliweka mkasi kwenye 5Y-ADA, kwa kuwa ni ya Kenya. Mzee akausogeza mkasi taratibu hadi kwenye 5X-UVA.

Tarehe 18 Aprili 1972, 5X-UVA ilikuwa ikiondoka Addis Ababa, katika safari ya kutoka Nairobi kwenda London kupitia Roma. Ndani yake mlikuwa na watu 107. Ilipokuwa ikikimbia barabarani ili ipae, ilikanyaga kipande cha chuma kilichokuwa kimeanguka hapo, na tairi la puani likapasuka. Rubani aliamua kusitisha safari. Breki zilipotakiwa hazikufanya kazi kwa nguvu zote. Ndege ilipita mwisho wa barabara, ikaanguka, ikavunjika na kushika moto. Watu 43 walifariki. Uchunguzi ulionyesha kwamba sehemu ya mfumo wa breki ilikuwa imefunguliwa hapo awali na kurudishwa isivyostahili.

Mzee hakuwa fundi wa breki. Yeye alikuwa mtu wa rangi, na jambo hilo halikumhusu hata chembe. Lakini miezi michache kabla ya siku hiyo alikuwa amepanda ngazi na kuzirudishia weusi herufi za 5X-UVA zilizokwisha kufifia kwa jua. Alikumbuka jinsi msimamizi alivyomsifu kwa kingo zilizonyooka. Habari zilipofika Nairobi, jambo la kwanza lililomjia ni herufi zile, na kwa muda mrefu aliona aibu kwamba lilikuwa la kwanza. Sifa yote ilikuwa imekwenda kwa kile kinachoonekana.

"Lakini hiyo ndiyo iliyoungua," mjukuu alisema. "Kwa nini tusijenge iliyo nzima?"

"Zile nyingine zina watu wa kuzikumbuka," babu yake alijibu.

Na hilo lilikuwa kweli. Shirika lilipovunjika mwaka 1977, pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati huo, zile nne zilizosalia zilirejea Uingereza. Jeshi la anga la huko lilizigeuza kuwa ndege za kuzijazia nyingine mafuta zikiwa angani, zikapewa nambari mpya na rangi ya kijivu, zikatumika miongo kadhaa. 5H-MOG, iliyokuwa VC10 ya mwisho kabisa kuundwa, ilitua kwa mara ya mwisho mwezi wa Septemba 2013 katika uwanja wa Dunsfold ili ihifadhiwe. 5X-UVA haikufika huko.

Kibandiko hulowekwa majini kwa nusu dakika hivi, hadi kikaachana na karatasi yake. Kisha huteleza juu ya rangi, na kwa muda mfupi kinaweza kusogezwa kwa ncha ya brashi. Mzee alijaribu herufi za kwanza, mkono ukamtetemeka, na kibandiko kikaanza kujikunja. Alimpisha mjukuu. Msichana alikinyoosha kwa tone la maji, akakisukuma mahali pake, akakikausha kwa pamba. Kingo zilinyooka. Mzee alizitazama kwa miwani yake miwili, kisha akageuza modeli chali, akamulika magurudumu, akahesabu mabomba ya waya. Alianzia kushoto, akamaliza kulia, akarudia.

Sasa ndege hiyo iko katika kabati la vyombo, kati ya birika na picha ya arusi. Wageni huisifu. Husifu weupe wa rangi, mkia mrefu, mistari iliyolala sawasawa, na wale wenye umri husoma maandishi ya ubavuni wakanyamaza kidogo. Hakuna mgeni aliyewahi kuipindua. Mjukuu ndiye aliyepewa kazi ya kuipangusa vumbi kila Jumamosi. Huipangusa juu kwa brashi laini, kisha huigeuza, akahesabu mabomba yote, ndipo akairudisha mahali pake.