Rili ya Mjomba

Ukiishi kwa kuandika makala za onlaini za watu usiowajua, unaishia kujua vitu vya ajabu. Mimi najua jinsi ya kuondoa theluji kwenye paa, na sijawahi kuona theluji ikianguka. Najua chakula kinachomfaa mbwa mzee mwenye magoti mabovu. Na kwa miezi minne mwaka jana, mteja mmoja wa Marekani alinipa kazi moja tu: rili za kuvulia samaki wakubwa wa mtoni. Maneno elfu mbili, mara mbili kwa wiki. Rent ya Githurai ililipwa na samaki wa Mississippi.

Kama samaki wako hutoka kwa mama wa kona akiwa tayari amekaangwa, wacha nieleze. Rili ni kile kifaa cha kuzungusha kinachofungwa kwenye fimbo ya kuvulia. Kinahifadhi uzi, kinauachilia samaki akivuta, na kinaurudisha ukizungusha mkono wake. Ziko aina mbili ambazo utakutana nazo sana. Moja inaning'inia chini ya fimbo na ngoma yake ya uzi haizunguki unaporusha; uzi unachomoka tu kwa mbele. Hii ni rahisi kwa anayeanza. Nyingine inakaa juu ya fimbo, na ngoma yenyewe inazunguka kama winchi. Hii ina nguvu zaidi, lakini ukirusha bila kuizuia kwa kidole gumba, uzi unajikoroga mpaka unafanana na kiota cha ndege.

Hayo yote niliyajua kwa kusoma miongozo ya viwanda, kulinganisha vipimo na kutazama wazee wa Uhispania kwenye video wakipambana na kambare wa Ulaya katika mto Ebro, samaki aliyepandikizwa huko 1974 na ambaye sasa anapita urefu wa mtu mzima. Mteja aliridhika, malipo yaliingia, na mimi sikuwa na sababu ya kwenda kutafuta mto.

Halafu mjomba akapiga simu.

Mjomba ni kaka wa mama. Anaishi nje kidogo ya Hola, karibu na Tana, na amevua tangu akiwa mtoto. Nilipoitwa chuo, watu walichanga. Kuna waliotoa elfu moja, kuna waliotoa maombi. Mjomba aliuza mtumbwi. Hakutangaza. Nilikuja kujua baadaye, kutoka kwa mama, na kufikia wakati huo nilikuwa mwaka wa tatu, karo imekatika, na nimeshaanza kubeba vitabu kurudi nyumbani. Sijawahi kusikia mjomba akitaja mtumbwi wala chuo. Tangu hapo anavua akiwa amesimama ukingoni, na mshipi mkononi.

Tana si mto wa kusimamia ukingoni ukiwaza mambo yako. Ni mto mrefu kuliko yote Kenya, kama kilomita elfu moja kutoka milimani hadi Bahari Hindi, na ukifika Hola umeshabeba udongo wa nusu ya nchi. Maji ni ya rangi ya chai ya maziwa. Huoni gogo mpaka likupite, na mamba humwoni kabisa. Mwaka juzi kambare mkubwa alichukua chambo cha mjomba wakati mshipi umezungushwa kwenye kiganja chake cha kushoto. Uzi ulikata kano za vidole viwili. Hospitali walishona, jeraha likapona, lakini vile vidole havikunji tena.

"Mjomba," akaniambia, maana kule mjomba na mpwa wanaitana hivyo hivyo, "mamako aniambia wewe ni fundi wa rili."

"Si fundi, mjomba. Naandika tu."

"Na hayo uandikayo ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli."

"Basi nichagulie."

Kabla sijajibu, Mpesa ikalia. Elfu nane. Maze, nilikaa na ile simu mkononi kwa muda. Msomaji wa Marekani akinunua rili isiyomfaa, anairudisha dukani. Elfu nane ya mjomba ilikuwa ni kambare wangapi? Na ile rili ingekuwa mkono wake wa kushoto.

Nilianza kwa kufungua makala zangu mwenyewe. Nilikuwa nimepanga sifa za rili nzuri kwa namba, kama wateja wanavyopenda. Sasa nilizipitia moja moja nikiwa namwona mtu mmoja tu, mwenye miaka hamsini na nane, amesimama kwenye matope.

Beringi kwanza. Maboksi hupenda kujisifu: beringi kumi, beringi kumi na mbili. Kwa mto wenye mchanga, kila beringi ni mahali pengine pa mchanga kuingia. Mjomba anahitaji chache zilizofungwa vizuri na mwili wa chuma usiojipinda mzigo ukizidi.

Gia. Rili ya sita kwa moja inazungusha ngoma mara sita kila ukizungusha mkono mara moja. Ni ya haraka, lakini ni kama baiskeli iliyo kwenye gia kubwa ukipanda mlima. Ya nne kwa moja ni ya polepole na ina nguvu. Mjomba hana haraka. Nikachagua ya nne.

Uzi. Makala zote husifu uzi wa kusokotwa kwa sababu ni mwembamba na haunyumbuki, unahisi samaki akigusa tu. Lakini uzi huo ukikazwa kisha ukasugua gogo, hukatika upesi. Na kidole chako kikiwa katikati, utakikata kama waya wa kukatia sabuni. Mjomba ameshalipia somo hilo. Nikachukua nailoni nene ya kilo kumi na nane, inayonyumbuka kidogo na kuvumilia magogo.

Breki ndiyo ilinichukua muda zaidi. Breki ya rili ni visahani vinavyobanana ndani. Ukikaza, ngoma inakuwa ngumu kuzunguka, ukilegeza, samaki anakimbia na uzi bila kuukata. Boksi linaweza kuandika kilo kumi na mbili na watu wakafikiri kubwa ndiyo bora. Sheria ya wavuvi ni kukaza robo au theluthi ya nguvu ya uzi. Kwa uzi wa kilo kumi na nane, hiyo ni kama nne na nusu hadi sita. Sababu ni hesabu rahisi. Uzi ukitoka, ngoma inazidi kuwa nyembamba, na kadiri inavyokuwa nyembamba ndivyo samaki anavyohitaji nguvu zaidi kuizungusha. Upana ukifika nusu, breki ya kilo sita imekuwa kumi na mbili, na wewe hujagusa kitu. Ongeza mkondo wa mto unaousukuma uzi wote ulio majini. Aliyeanza na kumi na mbili, hapo uzi umeshakatika.

Ikabaki aina. Ile ya kuning'inia chini inataka mkono mmoja ushike fimbo na uzi wakati mwingine unafungua waya wa mbele. Vidole vya mjomba havitaki. Ile ya juu unaweza kuiegemeza kwenye panda ya mti iliyochomekwa ardhini, na kazi yote ikafanywa na mkono wa kulia. Kuhusu uzi kujikoroga, mjomba hahitaji kurusha mbali. Anaachia chambo na chubwi pale pale kwenye kona ya mto ambako maji yanazunguka.

Halafu nikaona kitu ambacho nilikuwa nakiweka mwisho wa kila makala, kwa sentensi moja. Rili nyingi za juu zina kitufe kidogo pembeni. Ukikisukuma, ngoma ikiwa imeachiliwa, uzi ukitoka rili inalia: trrrrr. Kwa mvuvi wa Mississippi ni kitu cha kumwamsha kwenye kiti chake. Kwa mjomba maana yake ni kwamba hahitaji kuwa na mkono kwenye uzi. Fimbo inaweza kukaa karibu na maji, na yeye akakaa juu, chini ya mwembe, hatua kumi na tano kutoka kwa mamba. Hicho kitufe nikakipandisha kutoka namba tisa hadi namba moja.

Nilizunguka tao siku nzima. Duka la kwanza waliniuliza kama nataka ya mtoto. La pili walikuwa nayo ya elfu kumi na sita. La tatu, kwenye kabati la nyuma, kulikuwa na moja iliyotumika, ya chuma, imekwaruzwa ubavuni. Nikasukuma kitufe nikavuta uzi. Ikalia mpaka mlinzi wa mlangoni akageuka. Elfu saba na mia tano, pamoja na nailoni. Fimbo nikaongezea mwenyewe.

Jioni nikaazima mizani ya kuning'inia ya jamaa wa skrepu. Nikafunga uzi kwenye ndoano ya mizani, jirani akashika fimbo kwenye korido, mimi nikavuta nikisoma namba. Ngoma ilianza kuteleza kwa kilo tatu. Nikakaza. Tano. Watoto wa ploti walikuwa wameshajaa, kila mmoja akitaka kuwa samaki. Tulipofika kama tano na nusu nikatia alama kwa rangi ya kucha nyekundu kwenye gurudumu la breki, ili mjomba asihitaji mizani.

Niliifunga ndani ya blanketi na kuipeleka kwa basi la usiku, na karatasi moja. Sikuandika maneno elfu mbili. Niliandika: alama nyekundu isipitwe. Ukimaliza, suuza kwa maji safi ya mtungi, si ya mto. Ukiiweka, legeza breki, visahani visishikane. Usishike uzi kwa mkono hata iweje.

Kwa wiki mbili hakusema kitu. Nilikuwa naamka usiku nikiwaza visahani. Kisha akatuma sauti kwa WhatsApp, dakika nne, nyingi zikiwa ndege na upepo.

"Mjomba, hii yazungumza," akasema. "Gogo likipita na uzi, yalia polepole, haikomi. Kasa akigusa, yalia kidogo, basi. Kambare akichukua, yalia, yanyamaza, halafu yalia kama pikipiki. Hapo ndipo nashuka." Halafu nikamsikia akicheka. "Watoto wanatembea kijijini wakiiga."

Amepata watatu mpaka sasa, mkubwa wao kama kilo kumi na moja, na amepoteza mmoja kwenye magogo. Anataka nailoni nyingine, mita mia mbili, na anauliza kama rili mbili zinaweza kulia tofauti ili azijue kwa sikio. Hilo sijalisoma popote, kwa hiyo nimeanza kuulizia madukani.